Kituo cha Kurudi Kiko Ng'ambo

Kila asubuhi Kokuberwa huamka kabla ya majirani. Hufagia uwanja, humenya ndizi, humpa mumewe chai. Mumewe, Gaspar, ni karani Kurasini. Akishapanda baiskeli yake, nyumba ile ya Temeke hubaki na Kokuberwa na mwanawe Revelian.

Revelian alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda. Wayo ulitazama ndani. Alipofika miaka miwili, daktari wa hospitali ya mjini alimfunga plasta nyeupe, ngumu kama ukuta. Akaagiza aletwe kila Jumanne abadilishiwe. Akaonya pia kwamba plasta isilowe. Ikilowa, mguu utarudi ulikokuwa, na mtoto atachechemea maisha yake yote. Kokuberwa alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Jumanne ya kwanza Gaspar aliomba ruhusa, akawapeleka. Ya pili alinyimwa. Kokuberwa akaenda peke yake, mtoto mgongoni.

Kwenda hakukumpa shida. Basi lilianzia Temeke, naye akashuka alipoiona hospitali. Shida ilikuwa kurudi. Wao ni watu wa Kamachumu, Bukoba, na huko lori lilikuwa moja na njia moja. Likikushusha misheni, unalisubiri papo hapo misheni, nalo likigeuza linakuchukua. Basi Kokuberwa akasimama palepale aliposhushwa. Gari likaja, akapanda. Hakuuliza linakwenda wapi. Mama yake alimfundisha kwamba mke wa mtu hamwulizi maswali mwanamume asiyemjua mbele za watu.

Gari halikugeuza. Lilikwenda mbele, likazidi kwenda, mpaka kondakta akamwambia ashuke, ndio mwisho. Alikuwa Magomeni, na mvua ya masika ilikuwa inaanza. Alimfunika mtoto kwa kanga zote mbili. Haikusaidia. Walifika nyumbani jioni, kwa miguu, akiwauliza njia wanawake wenzake. Plasta ilikuwa laini kama ugali.

Gaspar hakugomba. Alisema tu kwamba Kokuberwa asipande tena basi peke yake. Angojee likizo yake.

"Likizo yako lini?" Kokuberwa aliuliza.

"Desemba."

"Mguu hausubiri Desemba, baba Revelian. Hausubiri hata Jumanne. Kesho lazima ufungwe upya."

Jirani yao Mwishehe, Mzaramo mtu mzima, alikuwa kondakta wa mabasi. Habari ilimfika kabla hajavua kofia ya kazi, akaja kuwapa pole. Aliposikia mambo yalivyokwenda, alishindwa kujizuia, akacheka.

"Mama Revelian, yaani ulikuwa unalingojea lori la Kamachumu pale mjini?"

Kokuberwa alinuna. Kisha naye akacheka, maana ilikuwa kweli.

Mwishehe akachukua kuni mbili, akazilaza uwanjani sambamba. Hii ndiyo barabara, akasema. Kila gari hushika upande wake wa kushoto. Gari lililokuleta linaendelea mbele na safari yake. La kurudi linapita upande wa pili. Kwa hiyo ukishuka upande huu, kurudi unavuka, unasubiri ng'ambo. Na hata ng'ambo usipande gari lolote tu, kwa sababu magari ya njia mbalimbali husimama hapo. Tazama kibao cha mbele. Kimeandikwa mahali gari linapokwenda.

"Tena uliza," akasema. "Kuniuliza mie si kukosa adabu. Nimevishwa kofia hii ili niulizwe."

Gaspar akataka kujua itakuwaje akisahau.

"Sisahau," Kokuberwa alijibu mwenyewe. "Misheni nilisoma mpaka nikapata komunyo. Jina la Temeke halinishindi."

Kesho yake daktari alitikisa kichwa, akafunga plasta mpya. Kokuberwa alipotoka, miguu yake ilimvuta kwenda palepale pa jana. Akaizuia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka.

Wingu lilikuwa jeusi. Gari likaja, watu wakasukumana. Mwanamke mmoja mwenye kapu akamwita: "Panda, dada, utalowa. Yote yanakwenda hukohuko."

Kokuberwa akatazama kibao. Neno lilianza na I. Akapaza sauti mbele ya watu wote: "Gari hili linakwenda Temeke?"

"Hapana, mama. Ilala," kondakta akajibu.

Akarudi nyuma. Matone ya kwanza yalipoanguka, alijibanza chini ya kibaraza cha duka, mguu wa mtoto ameukumbatia kifuani. Mama mwenzangu unayesoma haya, hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Tunaona mvua, tunaona haya, tunapanda tu. Usipande. Uliza kwanza, kwa maana atakayeumia ni huyo uliyembeba.

Gari la pili likaja. Kokuberwa alisoma kibao, midomo ikicheza: Te. Me. Ke. Hata hivyo aliuliza.

"Temeke, mama. Ingia."

Mvua ilipiga bati la basi njia nzima. Ndani, plasta ilikuwa kavu. Jioni Gaspar aliigonga kwa kidole, ikalia ko, ko, ko. Habari ya Desemba hakuitaja tena.

Tangu hapo Kokuberwa hakukosa Jumanne hata moja. Akaanza kuwafundisha na majirani, kwa kuni zilezile mbili. Plasta ilipotolewa kabisa, daktari alimwita mwenzake aje autazame mguu ule.

Siku ya mwisho ya hospitali, Kokuberwa alikutana mlangoni na mtu wa kwao. Wakasalimiana kwa furaha, wakatembea wakiongea, mpaka akajikuta amesimama pale wanaposhukia. Revelian akamvuta kanga.

"Siyo hapa, mama. Ng'ambo."

Wakavuka. Hakubebwa. Nyayo zake zote mbili zilikanyaga lami sawasawa. Basi la Temeke liliposimama, aliukataa mkono wa mama yake, akapanda mwenyewe, akitanguliza mguu wa kushoto.