Picha Iliyogusa Kioo

"Nunua namba saba. Haraka."

Amri ya mkuu wake, Kapya, ilifika saa tano asubuhi. Joëlle Mukuka wa Idara ya Ujasusi akakanyaga mafuta, Toyota yake ikakata katikati ya Lubumbashi.

Mpasha habari alikuwa ameitonya Idara: kwenye duka la fremu za picha la Clovis, nyuma ya picha moja, ilifichwa orodha ya majasusi waliojipenyeza kwa walanguzi wa shaba. Tarishi wa walanguzi angeichukua na kuruka nayo kutoka uwanja wa ndege wa Luano saa nane mchana. Katika orodha hiyo alikuwamo Élie, mdogo wake Joëlle, anayejifanya dereva kwenye foleni ya malori ya mpakani Kasumbalesa.

Orodha ikiwafikia, Élie amekwisha.

Akaegesha mbele ya duka, akaingia. Uso ulitulia.

"Jambo, papa Clovis. Minatafuta tableau ya salon. Ya kweli, hapana ya plastiki."

"Unafika pa muzuri, mama." Clovis akamwonyesha picha za mamba muntu, yule nguva wa sebule za zamani za mji huu. Zilichapwa kwenye karatasi nzito ya pamba, kila moja na namba yake ya penseli. "Chagula."

"Namba saba."

"Beba, mama."

Rahisi mno. Joëlle akainama kuitazama. Marehemu baba yake alitengeneza fremu miaka thelathini, na hakuchoka kusema: picha ya maana haigusi kioo. Kadibodi hukaa katikati, la sivyo msimu mmoja wa mvua tu na karatasi inanata.

Namba saba haikugusa.

Namba tisa, kule nyuma ya kaunta, ilikuwa imebanwa kwenye kioo. Kuna kitu kilichoisukuma kutoka nyuma.

"Minabadilisha, papa. Unipe ile."

"Ile haiko ya kuuzisha, mama." Mkono wa Clovis ukashuka kwenye droo.

Bastola ya Joëlle, Glock, ilikuwa imeshachungulia kutoka kwenye mkoba wake.

"Funga na karatasi, papa. Muzuri. Kioo isivunjike."

Alimwacha na pingu, amefungwa kwenye meza yake mwenyewe.

Garini akafungua fremu kwa kisu. Orodha ilikuwamo, Élie akiwa wa tatu. Kilichomkata maini ni mwandiko: wino wa kijani, herufi zilizolalia kushoto. Miaka sita alipokea amri kwa mwandiko huo.

Simu ikalia. Kapya.

"Umekamata namba saba?"

Alikuwa ametumwa makusudi kwenye picha tupu, na iliuma. Mtu huyu alilala kwao siku za kilio cha baba.

"Ndiyo, chef. Niko nakuletea."

Akampigia Élie kwanza. "Shuka mu camion. Sasa. Usiulize." Kisha akampigia mwendesha mashtaka wa jeshi, naye akatuma askari wamsubiri tarishi dukani.

Saa saba Joëlle aliingia ofisini kwa Kapya na nyundo, akaitundika picha ukutani mwenyewe. Kapya akasoma namba ya penseli. Tisa. Akakaa polepole.

"Saa hii picha haigusi tena kioo, chef."

Askari wawili wakaingia. Joëlle akachukua mkoba wake, akatoka bila kugeuka. Machozi aliyaweka mpaka garini.