Tundu Lililopumua

Kila jioni, akitoka shule, Thacienne alichukua kibuyu akateremka mtoni kuchota maji. Njia ilikata mashamba ya maharage, ikapita nyuma ya kapela, kisha ikaporomoka hadi bondeni. Angeweza kuipita akiwa amefumba macho. Lakini juma lile la mwaka 1954, nyuma ya kapela palikuwa na mgeni: nyumba ndogo nyeupe ya bati yenye magurudumu mawili, ya kukokotwa na gari. Watu waliiita karavani.

Karavani ile ilikuwa ya muuguzi Honoré, mtu wa Walikale, aliyezunguka vilimani kuchanja watoto dawa ya ndui. Dereva wake aliitwa Paul. Dawa zilikaa ndani ya frigo, kabati la chuma lililotengeneza baridi kwa moto wa gazi, hewa ya kuwaka iliyofungwa ndani ya chupa ya chuma.

"Moto utengeneze baridi?" Emérence, binti wa shangazi yake, alimcheka siku ya kwanza. "Weka sufuria motoni, uone kama itaganda! Dada, usidanganyike. Iko mutu mule ndani. Wamemfungia. Wewe simama tu karibu, utamsikia anameza mate."

"Wewe na uongo wako," Thacienne alijibu. Hata hivyo, tangu siku hiyo alipita pale akikaza mwendo.

Ijumaa ukungu ulishuka mapema. Ulifunika mashamba, ukafunika kapela, ikabaki karavani peke yake, nyeupe ndani ya weupe. Thacienne alijua kwamba muuguzi na dereva walikuwa wamekwenda kulala kwa chifu, ng'ambo ya mto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ndani hamkuwa na mtu.

Ndipo aliposikia. Glu. Kimya. Glu.

Miguu ilikataa kukimbia. Ilimpeleka mbele, mpaka upande wa nyuma wa karavani, penye upupu. Pale ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Akasogeza kiganja. Kitu cha joto kikampulizia mkononi, laini, chenye unyevu, kama pumzi ya ng'ombe aliyelala. Hakikuvuta pumzi ndani. Kilitoa tu, kikaendelea kutoa.

Thacienne alikimbia nyumbani, kibuyu kitupu kikimgonga mgongoni. Baba yake, Kanyamibwa, alikuwa katekista, na juu ya mlango wao palichomekwa tawi lililobarikiwa Jumapili ya Matawi. Radi ilipopiga, bibi yake alivunja kipande akakisukuma kwenye ufa wa ukuta, na hakuna kilichoingia. Thacienne alilitwaa tawi zima bila kuuliza mtu. Alirudi, akalikunja, akalishindilia ndani ya tundu. Halafu akakanda udongo na mavi ya ng'ombe, kama mama zake wanavyokandika nyumba, akapiga lipu juu yake mpaka pakawa laini.

Pumzi ikakatika. Usiku ule alilala kama mtu aliyemfungia chui mlango.

Kesho yake mama yake alimpa sahani ya viazi na maharage ampelekee mgeni. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Alipofika, mlango wa karavani ulikuwa wazi. Paul alikuwa amepiga magoti mbele ya frigo, akitukana kwa sauti ya chini.

"Haigandishi tena," alisema Paul. "Jana ilikuwa nzuri kabisa!"

"Labda chupa imekwisha," alisema Honoré.

Paul aliinyanyua chupa ya gazi. "Nzito. Gazi iko." Akaweka bakuli la maji sakafuni, akatazama kama maji yanaegemea upande mmoja, kwa maana frigo ya namna ile haipendi kuinama. Maji yalikaa sawasawa. Mwishowe akalala kifudifudi akachungulia moto. "Papa, kuja uone. Moto wenyewe njo huu. Sikuzote ni wa buluu, mdogo kama jani. Leo ni wa njano, unarukaruka, na masizi yamejaa. Hii gazi ni mbaya."

Kwa nje, ule upande wa upupu, hakwenda kutazama.

Thacienne alisimama mlangoni, sahani mkononi. Angesema nini? Kwamba ameiba tawi la baba katekista akalikandika na mavi? Akaweka sahani mezani akanyamaza.

"Nitakwenda Kirolirwe, kwenye shamba la ng'ombe, kuomba chupa nyingine," alisema Paul. "Nizime moto?"

"Uache. Baridi kidogo ni afadhali kuliko joto. Kesho baada ya sala nachanja watoto." Honoré alijishika kipaji cha uso. "Kichwa kinanigonga. Baridi yenu ya Masisi hii! Mutoto, asante kwa chakula. Nifungie mlango huo, nilale kidogo."

Gari la Paul lilipotea ukunguni. Thacienne akafunga mlango.

Hakufika mbali. Alikaa kwenye ngazi ya kapela akisubiri sahani, kwa sababu mama yake alikuwa na sahani mbili tu. Alingoja. Hakuna aliyetoka. Alibisha mlango. "Papa Honoré?" Glu, kitu kilijibu ndani. Akapanda juu ya jiwe, akachungulia dirishani.

Muuguzi alikuwa amelala chali, mdomo wazi, viazi havijaguswa. Mashavu yake yaliiva wekundu wa ajabu. Chini ya frigo mwanga wa njano ulichezacheza, na kivuli chake ukutani kilitikisika, ila mwenyewe hakutikisika hata kidogo.

Kelele za Thacienne ziliwatoa watu mashambani, majembe mabegani. Walisimama mbali, nusu duara, ukungu ukiwakata miguu.

"Nilisema mimi!" Emérence alinong'ona. "Yule wa ndani amemgeuka."

"Asiguse mtu," alisema mzee Hakorimana. "Kilichomchukua huyo kitamchukua na atakayefungua. Tumngoje padri."

"Padri yuko safari ya siku mbili," mtu alijibu.

"Basi tungoje."

Baba yake Thacienne alikuwa mbele ya wote, mkono umenyooka kuelekea kitasa, lakini naye alisita. Mtoto akamwona baba yake akiogopa. Hilo lilimtisha kuliko dirisha. Alikumbuka maneno ya Paul, kwamba moto sikuzote ulikuwa wa buluu mpaka leo, baada ya yeye kuziba tundu. Alijua sasa kwamba pumzi iliyozuiwa kutoka nje imerudi ndani, na kwamba hakuna mwingine pale anayejua.

"Baba!" alipaza sauti. "Si pepo. Ni mimi. Nimeziba tundu la nyuma kwa tawi lako na udongo. Pumzi ya moto imekosa njia. Baba, fungua!"

Watu wote waligeuka wakamtazama. Kanyamibwa alivuta mlango kwa nguvu, hewa nzito yenye harufu ya masizi ikamgonga usoni. Akavuta pumzi ya nje, akaingia, akamkokota Honoré kwa makwapa mpaka kwenye majani.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Halafu kifua kikapanda. Honoré alikohoa, akatapika, akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Gazi. Fungeni ufunguo wa chupa."

Paul aliporudi, alilichimbua tundu kwa ncha ya panga, akachomoa tawi jeusi kwa masizi, akasafisha bomba la moshi. Alipowasha tena, moto ulisimama mdogo, wa buluu. Alifungua frigo akasoma kipimajoto. "Dawa ni nzima," alisema.

Honoré, amejifunika blanketi, alimwita Thacienne mbele ya watu. "Moto ukila, hutoa hewa chafu. Tundu lile ni pua yake. Ukiiziba, hewa ile hurudi kwa mtu, haina rangi, inamlaza na haamki. Nanyi, msilale na jiko la makaa mlango ukiwa umefungwa. Ni kifo hicho hicho. Ile sauti ya glu ni maji ya kupoza yanayozunguka ndani ya mabomba ya frigo. Niliwaonyesha sindano, tundu sikuwaonyesha. Hilo ni kosa langu."

Thacienne alipiga magoti mbele ya baba yake, akingoja fimbo. "Nimechukua tawi bila ruhusa. Na asubuhi niliona moto wa njano, nikanyamaza."

Kanyamibwa alimwinua.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi niliogopa, umeniona. Kosa lako ni kunyamaza asubuhi, na kosa hilo nusura limuue mtu. Ukiharibu kitu, sema siku ileile, hata kama watu watakucheka. Ungenyamaza mpaka jioni, saa hizi tungekuwa tunamchimbia Honoré kaburi, na mimi katekista ningeiombea maiti yake nikisema ameuawa na pepo."