Alama ya Maji Ukutani

Kila asubuhi nyumbani kwangu huanza kwa kutafuta kitu ambacho Nyale amekichukua. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ufagio. Nilitaka kufagia ua kabla jua halijawa kali, nikaukuta umebaki vijiti vichache tu, umenyonyoka kama kuku mgonjwa.

"Nyale, ufagio wangu umefanywa nini?"

"Nimetoa vijiti vya nguzo, Mama. Nguzo za nyumba."

"Na huu unga uliokorogwa kwenye sufuria yangu?"

"Hiyo ni gundi."

Nikafagia ua hivyo hivyo kwa vijiti vilivyobaki. Mwanangu huyu ana miaka kumi na miwili na jibu hakosi. Tunaishi nje kidogo ya mji wa Garsen, na wakati huo shule yao ilikuwa imeingia katika shindano la kimataifa la kubuni nyumba za familia, nyumba za kuhimili joto kali na mafuriko haya yanayotuandama. Wasanifu wa majengo kutoka nchi nyingi walikuwa wanashindana, na kila kundi lilitakiwa kushirikiana na wanafunzi wa mahali penyewe, kisha lijenge nyumba moja ya kweli. Kundi la kina Nyale liliongozwa na Madam Lydia kutoka Nairobi. Nyumba yao ingekuwa ya Mariam, jirani yangu aliyehamia hapa kutoka Ndera baada ya mafuriko kumbomolea kwake. Alikuwa akilala ndani ya turubai na mtoto mchanga.

Nyale alipewa kazi mbili. Ya kwanza, apime maji yalifika wapi nyumbani kwetu. Ukuta wetu wa sebule ni wa udongo, na ndio pekee uliosimama hapa jirani maji yalipokauka, ukabaki na mstari wa kahawia. Sakafu ya Mariam ingewekwa juu ya nguzo, kupita mstari ule. Kazi ya pili ilikuwa kutengeneza kielelezo, yaani nyumba ndogo ya vijiti ya kuonyesha nyumba kubwa itakavyokuwa.

Kielelezo kikakataa kusimama. Akikiweka mezani kinaegemea upande kama mlevi, halafu chini. Anajenga tena, kinaanguka tena. Nikimwambia akateke maji, hasikii. Nikimwambia ale, anakula huku macho yako kwenye vijiti. Nilichoka naye.

Siku moja nikarudi kutoka shambani nikakuta kielelezo kimesimama vizuri, nguzo fupi, kimetulia. Na ukuta wa sebule umekandikwa udongo mpya. Nikafurahi. Nikasema, leo mwanangu amenionea huruma, amenirekebishia ukuta bila kutumwa. Jioni nikampa kipande kikubwa cha kambare, kile ninachomwekea baba yake.

Kesho yake Madam Lydia akaja na mwalimu wao, Mwalimu Asenath, pamoja na Jamal, mwenzake Nyale wa darasani. Mariam naye akaja, mtoto mgongoni. Madam Lydia akatoa futi ya kupimia.

"Nyale, tuonyeshe maji yalifika wapi."

Nyale akaonyesha mstari wa makaa chini ya goti langu. Nikautazama mstari ule. Nikautazama udongo mpya ulio juu yake. Nikakumbuka kambare wangu.

"Ni hapo, Mama Nyale?" Madam Lydia akaniuliza.

Nilikasirika hata viganja vikaniwasha. Nikisema, mwanangu anaaibika mbele ya mwalimu wake, na pengine anaondolewa kwenye kundi. Nikinyamaza, Mariam anamlaza mtoto wake kwenye sakafu ambayo maji yataifikia. Na yeye hajui, maana mafuriko ya huku hakuyaona. Alikuwa amesimama pale akinitabasamia.

"Nyale," nikasema, "siku maji yalipoingia, mdogo wako Lorna nilimbeba wapi?"

"Mabegani."

"Kwa nini sikumbeba mgongoni?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Maji yalikuwa kifuani kwako, Mama."

"Basi mweleze Madam. Mimi sitakusemea."

Akaeleza kwa sauti ndogo. Nguzo ndefu zilikuwa zinaangusha kielelezo, na siku ya kukipeleka ilikuwa imekaribia. Akazikata nguzo. Halafu akaziba alama ya maji na kuchora nyingine chini, ili vipimo vikubaliane.

"Ulituambia maji yalifika kwenye goti," akasema Jamal. "Goti la nani, la twiga?"

"Jamal, funga mdomo," akasema Mwalimu Asenath, lakini nilimwona akijizuia kucheka.

Madam Lydia hakucheka. Alisema michoro yote imefuata kipimo kile, sasa itachorwa upya. "Kielelezo kikianguka mezani hakuna anayeumia," akamwambia. "Ungeniambia kinaanguka, tungetafuta njia pamoja."

Nyale akachukua kijiko akaanza kukwangua udongo wake mwenyewe, sisi tukimtazama. Mstari wa kahawia ukatokea. Madam akapima.

"Na hizo nguzo," nikasema, kwa kuwa hasira ilikuwa haijaisha, "unashinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti shambani, ukifukuza nyani. Hujaona miguu ya dungu ilivyotanuka chini, na miti iliyofungwa kukingamana? Nenda ukaangalie unachokikalia."

Wakaenda, yeye na Jamal. Waliporudi walijenga kielelezo upya, nguzo ndefu zilizotanuka, na hakikuanguka tena. Michoro mipya ilitumwa dakika za mwisho. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa kundi la nchi nyingine, lakini nyumba ya Mariam ilijengwa. Nikisimama chini, sakafu yake iko usawa wa kidevu changu. Paa ni makuti mazito, madirisha yanaelekea upepo, na mchana mbuzi hulala kivulini chini yake.

Siku Mariam alipohamia, tulimsaidia kupandisha vyombo. Nyale akaniuliza, "Mama, hasira zimeisha?"

"Bado," nikamwambia. "Uliona kuinua nyumba ni kazi, ukaona heri ushushe maji. Maji hayashushwi kwa udongo wa ukutani. Ukipewa kazi ya kupima, toa kipimo cha kweli hata kama kitakuongezea kazi. Huyu mtoto wa Mariam analala juu ya kipimo chako."

Akapandisha godoro la mtoto, akaliweka ndani.

Nanyi mnaosoma, kama kuna alama mmeiziba mahali, ikwangueni wenyewe leo. Msingoje mama zenu waulizwe mbele za watu.