Gazeti Lililomtenga Anisia

Mwaka 1975, katika kijiji kimoja cha ujamaa si mbali na Kolandoto, aliishi mwanamke aliyeitwa Anisia. Kwao ni Ushirombo. Alikuja hapo kwa ndoa, na Kisukuma chake kilikuwa bado cha kubabaisha. Watu walimwita Mama Klara, kwa jina la binti yake aliyekuwa bado mgongoni.

Mumewe, Maganga, alikuwa ameondoka kwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya zamani. Hakuwa na kibali. Anisia hakuipenda safari ile, lakini mvua zilikuwa zimegoma na chakula kilikuwa kidogo. Maganga naye akishaamua, ameamua. Alisema angerudi pamba ikianza kupasuka. Pamba ikapasuka, Maganga haonekani.

Kila Jumatano alasiri, watu wa kijiji walikusanyika mbele ya ghala la ushirika kusikiliza gazeti. Wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma katika darasa la kisomo. Kwa hiyo mwalimu wao, Theonest, ndiye aliyewasomea. Theonest alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, na yeye mwenyewe alijua kwamba ni nzuri. Alianza juu ya ukurasa akashuka mpaka chini bila kupumzika, kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Vichwa vya habari aliviruka. Alisema vinamchelewesha.

Jumatano moja alisoma hivi:

"Polisi wilayani Geita wamewakamata watu kadhaa waliokuwa wakichimba dhahabu bila kibali. Mmoja wao ni Maganga Shija, mkazi wa Shinyanga. Watafikishwa mahakamani."

Anisia alishika kifua. Lakini Theonest hakusimama. Macho yake yaliruka mstari mweusi uliochorwa katikati ya ukurasa, na sauti yake ikaendelea vilevile:

"Hawa ni majambazi wanaonyonya damu ya taifa. Wanaiuza dhahabu yetu kwa maadui. Polisi hawakukosea hata kidogo, na wangewapiga zaidi tungewashangilia. Wake zao ni washiriki wao. Wananchi, watengeni!"

Wa kwanza kusema alikuwa Zipora, jirani wa Anisia, mama mtu mzima ambaye mwanawe alikuwa askari polisi huko Mwanza.

"Mama Klara, umesikia mwenyewe," alisema. "Serikali imeagiza."

"Serikali imeagiza nini, mayu?" Anisia aliuliza kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Gazeti limesema. Gazeti likisema, nani tena aseme?"

Hakuna aliyebisha. Wanawake wakachukua vitenge vyao wakaondoka pamoja. Anisia akarudi kwake peke yake.

Na Usukumani mtu akitengwa, ametengwa kweli. Hapewi moto. Hasalimiwi. Haendewi kazini wala msibani. Siku iliyofuata Anisia alikwenda kwa Zipora kuomba kaa la moto, kama alivyofanya kila siku.

"Shikamoo, mayu."

Zipora aliendelea kupepeta mtama. Anisia alisimama pale na kigae chake mkononi. Akarudia salamu, huenda hakusikika. Zipora akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Moto ungeweza kupatikana kwingine, lakini ile shikamoo iliyokosa marahaba ilimkaa Anisia kooni siku nzima.

Mambo yakazidi. Kijijini pale wanawake walivuna pamba kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Anisia alikuwa amevuna kwa wote. Zamu yake ilipofika, alipika chungu kikubwa cha viazi akakiweka kivulini. Akangoja. Jua likapanda, hakuna mtu. Akamfunga Klara mgongoni akaanza kuvuna mwenyewe. Pamba aliyoiwahi ilikuwa nyeupe. Aliyoshindwa kuiwahi ikaangushwa na upepo, ikachafuka mavumbi, ikawa fifi, ile isiyo na bei. Jioni aliwatupia kuku viazi, kwa sababu hakuwa na hamu ya kula.

Darasani hakwenda tena. Angekwenda kukaa na nani?

Mtu mmoja tu ndiye aliyeendelea kuzungumza naye, naye ni Makoye, fundi baiskeli. Makoye aliwachukia polisi tangu walipomnyang'anya baiskeli isiyokuwa na leseni. Alikuwa na redio, na alipenda kusikiliza stesheni moja ya nchi za nje iliyotangaza kwa Kiswahili. Siku moja alimwita Anisia.

"Njoo usikie ukweli, Mama Klara. Ule wanaotuficha."

Mtu wa redioni alizungumza kwa ukali. Alisema serikali ya nchi hii imejaa wakatili. Alisema huko Geita polisi wamewamaliza wachimbaji, na mashimo yamejaa damu.

"Wamewamaliza?" Anisia aliuliza. "Maana yake wamekufa?"

"Si umesikia mwenyewe? Pole sana, mama."

Mnaona? Zipora alisema umesikia mwenyewe, na Makoye naye akasema umesikia mwenyewe.

Anisia alirudi nyumbani akaketi sakafuni. Alijifunga kitenge kiunoni kama wafungavyo wafiwa. Akalia. Kwao Ushirombo, sauti ya kilio ikitoka ndani ya nyumba moja, wa nyumba ya pili wanaacha hata chungu motoni. Hapa alilia mpaka akachoka, na mlangoni hakutokea mtu. Klara alimshika mashavu akamtazama asielewe. Tangu azaliwe, Anisia hakuwahi kuwa mpweke kiasi hicho.

Siku tatu baadaye alisikia kengele ya baiskeli uani.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bibi Epifania, mratibu wa elimu ya watu wazima wa tarafa. Alikuja kukagua darasa, akaona mwanafunzi mmoja hayupo. Alipouliza sababu, kila mtu alitazama chini. Basi akaamua kumfuata mwenyewe.

"Umefiwa, mwanangu?" aliuliza alipoona kitenge.

Anisia akamweleza yote, huku machozi yakimtoka. Bibi Epifania alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Huyo wa redio alitaja jina la Maganga?"

"Hapana."

"Alisema amefika Geita? Au alitaja mtu aliyefika, aliyeona kwa macho yake?"

Anisia alifikiri. "Hapana. Alisema tu wamewamaliza."

"Basi umeomboleza kwa neno la mtu ambaye hakuona. Sisemi kuwa ni mwongo, maana hata mimi sikuwapo Geita. Nasema hujui bado. Gazeti unalo?"

Anisia alikuwa ameliokota pale ghalani, Theonest alipoliacha, akalificha chini ya mto. Hakujua kwa nini. Bibi Epifania akalikunjua mkekani.

"Wewe umeshafika kitabu cha pili. Nisomee hapa juu, juu ya mstari mweusi."

Anisia aliweka kidole. "Ha-ba-ri. Habari za mikoa."

"Sasa hapa, chini ya mstari."

"Ma-o-ni." Akasoma tena. "Maoni. Na chini kabisa kuna jina la mtu."

"Vizuri sana. Habari inatuambia kilichotokea: nani, wapi, lini, na nani amesema. Hii inasema mumeo amekamatwa na atapelekwa mahakamani. Haisemi kwamba amepatikana na hatia. Hiyo ni kazi ya hakimu. Maoni ni mawazo ya mtu mmoja. Ana haki ya kuwaza, hata kukasirika. Lakini je, amemuuliza Maganga? Amemuuliza askari aliyekuwapo? Amekuuliza wewe?"

"Mimi hanijui kabisa."

"Hakujui, na amekuita mshiriki. Tazama maneno yake: jambazi, nyonya damu, maadui. Haya ni maneno ya kupandisha watu hasira. Ukiyaondoa hayo, kinabaki nini?"

Anisia alitazama ukurasa. "Kinabaki kwamba wamekamatwa."

"Basi. Mengine ni chumvi. Na yule wa redio naye ni hivyo hivyo. Huyu wa gazeti kwake polisi hawakosei kamwe. Yule wa redio kwake polisi ni wauaji wote. Kila mmoja alikuwa ameshaamua kabla ya kuuliza."

"Lakini bibi, gazeti limeagiza nitengwe. Si serikali hiyo?"

"Serikali ikiagiza jambo, mwenyekiti wa kijiji anapewa agizo hilo. Nimemuuliza. Hajapewa kitu."

Ilimuuma Anisia zaidi sasa, kujua kwamba ameteswa kwa agizo ambalo halikuwapo.

"Nifanye nini?"

"Nenda ukaulize mahali panapojua. Mtu aliyekamatwa yuko mikononi mwa polisi, na ndugu ana haki ya kuuliza yuko wapi."

Anisia alifungua kitenge kiunoni, akambebea Klara. Alisafiri kwa basi mpaka Mwanza, akavuka kwa kivuko, akapanda lori mpaka Geita. Njia nzima hakuzungumza na mtu. Aliogopa kwamba atafika aambiwe kile alichokwisha kulilia.

Pale kituoni askari wa zamu alifungua mlango wa nyuma akaita. Akatoka Maganga, amekonda, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Anisia akamshika ule mkono mzima, akalia.

"Kuna aliyekufa?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, hakuna aliyekufa. Nani kakuambia?"

Maganga akasimulia. Ndiyo, alichimba bila kibali, na hilo atalijibu. Hakumuuzia adui yeyote dhahabu, maana hata punje hakuwa ameipata. Siku ya msako aliinua mikono juu, lakini askari mmoja akampiga rungu akamvunja mkono. Askari wa pili akamshika yule wa kwanza akamvuta nyuma, kisha akampeleka Maganga hospitali.

"Mkuu wa kituo ameandika malalamiko yangu," alisema. "Yule wa pili amekubali kuwa shahidi."

Anisia alishangaa. Mambo hayo gazeti halikuyasema, wala redio haikuyasema.

Jumatano iliyofuata, kabla Theonest hajafungua gazeti jipya, Anisia alisimama mbele ya ghala. Bibi Epifania alikaa nyuma, hakumsaidia kwa neno.

"Mwalimu, naomba nisome mimi. Lile la zamani."

Alisoma polepole, silabi kwa silabi. Alipofika kwenye mstari mweusi alisimama.

"Hapa habari imekwisha," alisema. "Hapa pameandikwa Maoni, na hapa ni jina la aliyeandika. Si serikali. Ni mtu mmoja, na hasemi kama alifika Geita."

Kisha akawaeleza aliyoyaona, hata yale ya kumwaibisha. Alisema mumewe alikosa kibali. Alisema yeye mwenyewe alimlilia mtu aliye hai kwa sababu ya maneno ya redio. Makoye alijikuna kichwa akatazama viatu vyake.

Theonest alikuja akachukua gazeti, akalitazama kwa muda mrefu. "Nimewasomea hili neno kwa neno," alisema, "na mstari huu nikauruka. Nilitaka msikie sauti yangu tu. Unisamehe, Mama Klara." Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma jambo lolote, alitangaza kwanza kama ni habari au maoni, na nani ameandika.

Kesho yake wanawake walifika shambani. Nusu ya pamba ilikuwa tayari fifi. Walivuna iliyobaki, wakiongea sana kuliko kawaida, kama watu wenye aibu. Zipora hakuja. Anisia aliwashukuru, lakini moyo haukurudi mahali pake siku hiyo wala wiki ile. Siku nyingine alisalimiwa njiani akakumbuka jinsi alivyonyimwa salamu, na jibu likachelewa kutoka.

Maganga akarudi kwa dhamana, akingoja siku ya kesi.

Baada ya mavuno, Theonest alisimama na gazeti jipya. "Haya ni maoni," alitangaza. Mwandishi aliandika kwamba askari polisi wa kanda hii wote ni wanyama, na mama zao waone haya kwa kuwazaa.

Watu waliguna. Mmoja baada ya mwingine wakageuka kumtazama Zipora. Waliokaa karibu naye wakaanza kusogea, taratibu, mpaka akabaki na benchi zima.

Moyoni mwake Anisia alisikia utamu. Tusimpambe, kweli alisikia. Alikumbuka mkono wa Maganga, na yale matusi yakamwingia vizuri kama maji ya baridi. Angenyamaza tu, yangetosha.

Akainua mkono. "Mwalimu, huyo mwandishi ametaja askari gani, na amekosa nini, na wapi?"

Theonest akatazama. "Hakutaja. Amesema wote."

"Amewauliza?"

"Sioni mahali aliposema amewauliza."

"Mmoja wao alimvunja mume wangu mkono," Anisia alisema. "Huyo ana jina, na jina lake tutalisema mbele ya hakimu. Lakini aliyemfikisha hospitali naye ni askari. Mimi siwezi kusema wote."

Akainuka na Klara wake, akapita katikati ya watu, akaketi kwenye lile benchi. Zipora hakumtazama.

"Kwa nini umekuja hapa," alinong'ona, "baada ya niliyokutenda?"

"Kwa sababu najua palivyo hapo ulipokaa, mayu," Anisia akamjibu. "Hata mimi nimekaa hapo."