Bomba Ambalo Halikuchomolewa

Siku ya tano ya huduma ilianza kama zile nne zilizotangulia. Vijana kumi na wawili wa kanisa kutoka Suva, mji mkuu wa Fiji, waliamka, wakafagia ua, kisha wakaketi mkekani kwa Bibi Akanisi kungojea mihogo na chai ya majani ya mlimau. Walikuja kisiwani kutengeneza nyumba zilizoharibiwa na kimbunga, na jana walikuwa wamemaliza kupaka rangi paa la bibi huyo.

Mmoja wao, Vasemaca, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akitabasamu peke yake. Jumapili angeimba mbele ya kijiji kizima, na sauti yake, tuseme ukweli, aliipenda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

"Mvua ya jana usiku imetufaa," Bibi Akanisi alisema akitua birika. "Tangi lilibaki na maji yasiyofika kifundoni. Sasa limejaa."

Vasemaca akaacha kutabasamu. Kabla ya paa kupakwa rangi, bomba linaloteremsha maji tangini huchomolewa, ili mvua za kwanza zioshe rangi na kutu na kumwagika chini. Mwalimu Naibuka, kiongozi wao, alikuwa amempa yeye kazi hiyo. Alipomuuliza, Vasemaca alijibu, "Nimeshalichomoa," akikusudia kulichomoa baada ya mazoezi ya wimbo. Akaimba hadi akasahau. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imeishia kwenye birika lile.

Bibi alimimina chai. Mwalimu Naibuka akainamisha kichwa kuomba, na maombi yake hayakuwa mafupi hata siku moja. Vasemaca hakufumba macho. Alimtazama Semi, mjukuu wa Bibi mwenye miaka mitatu, akikisogelea kikombe chake kwa magoti.

Kumkatiza mtu anayeomba ni aibu. Kukiri kwamba ulidanganya ni aibu juu ya aibu. Pengine rangi kidogo haidhuru, alijiambia. Pengine ikichemshwa inaisha. Lakini Mwalimu alikuwa amewaeleza waziwazi kwamba moto hauondoi sumu ya rangi. Semi akakishika kikombe.

"Asinywe," Vasemaca alisema. "Mtu yeyote asinywe. Bomba sikulichomoa."

Maombi yalikatika. Bibi akakichukua kikombe mkononi mwa mtoto.

"Si ulisema umelichomoa?" Jone, mmoja wa vijana waliopaka paa lile, aliuliza.

"Nilidanganya."

"Haya, mwimbaji wetu," Jone alinong'ona. "Leo umetuimbisha sote."

Mwalimu Naibuka hakumfokea, na hilo lilimtisha zaidi. Alitoka, akarudi na fungu la mizizi ya yaqona, mmea wa kinywaji cha heshima kisiwani, akapiga magoti mlangoni na kuliweka mbele ya Bibi. Vijana wote walipiga magoti nyuma yake, vichwa chini. Huko, kosa la mmoja huombewa msamaha na wote, na mwenye nyumba asipoigusa mizizi, wageni hufungasha mizigo. Vasemaca aliona malengelenge kwenye mikono ya wenzake. Walifanya kazi siku nne, na huenda wangefukuzwa kwa ajili yake. Machozi yalimtoka.

Bibi Akanisi alikiweka kando kikombe cha Semi. Kisha aliigusa mizizi, akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa.

"Nimepokea," alisema. "Na wewe, Vasemaca, mjukuu wangu, njoo uchukue brashi. Tangi linamwagwa lote, kisha unaingia ndani kusugua. Maji tutayachota chemchemini hadi mvua irudi. Ni mwendo wa nusu saa, na ndoo ya kwanza ni yako."

"Sawa, Bibi. Jumapili nisiimbe?"

"Utaimba, kwani wimbo umekosa nini? Ila ulimpa Mungu sauti, ukamnyima mikono. Kumtumikia ni pamoja na kuchomoa bomba wakati hakuna anayekutazama. Na ukikosea, sema kabla mtoto hajanywa, hata kama watu wako kwenye sala."

Alimgeukia Mwalimu Naibuka. "Maombi yako yalikuwa mazuri, mwanangu, usinielewe vibaya. Lakini asubuhi hii, aliyeomba kweli ni huyu aliyeyakatiza."