Kikwembe cha Manjano Juu ya Jiwe la Alunguli

Baiskeli za Kibombo zilipofika sokoni Kindu, watu walizizunguka kama siafu. Ilikuwa mwaka 2002, vita vikiendelea Kongo. Gari la moshi lilikuwa limelala kwenye reli zake kwa muda mrefu, njia zote zilikuwa na wenye bunduki, na chumvi iliingia mjini juu ya baiskeli zilizosukumwa kwa mikono kupitia msituni. Katikati ya msukumano huo alikuwepo kijana mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi ya mkaa, ambaye hakuuliza chumvi. Aliinama akashika waya wa breki.

"Papa, huu waya umechoka. Uniachie mimi."

Mwenye baiskeli hakuwa na nguvu ya kujibu. Aliyejibu ni msichana aliyesimama nyuma.

"Wenzako wanatafuta chumvi, weye unatafuta kuua muntu. Bila breki, huyu papa atarudi Kibombo namna gani?"

Kijana aligeuka. Msichana alikuwa amejifunga kikwembe cha manjano chenye ndege wa buluu. Kitambaa kilikuwa kipya bado, kikiwaka machoni kama ua la boga. Beseni lilikuwa kichwani, na hakulishika.

"Ni wa gitaa," kijana alisema. "Nyuzi zimekatika, na mjini hakuna nyuzi."

"Gitaa la breki. Sasa ukianza kuimba utasimama namna gani?"

"Nitasimama ukiniambia."

Msichana alicheka mpaka beseni likatikisika. Mwenye baiskeli naye akatabasamu, akachomoa waya wa breki ya nyuma akampa. Alisema ya mbele ingemtosha. Msichana alipoona kijana anaondoka na waya tu, alimwita, akamimina nusu ya chumvi yake kwenye kipande cha jani la mgomba.

"Mama yako atakula wimbo?"

Hivyo ndivyo Ismaël alivyokutana na Safia.

Safia aliishi Alunguli, ng'ambo ya pili ya mto, na shangazi yake. Alivuka Lualaba kwa mtumbwi kuja sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo, na Ismaël alimpokea ufukweni, akambebea beseni na kuchekwa na wanawake wote. Akishavuka kurudi, hawakuwa na njia ya kuambiana usiku mwema. Basi Safia akabuni mchezo. Upande wa Alunguli kuna jiwe kubwa ambapo wanawake hufulia nguo.

"Kila asubuhi nitaanika kikwembe changu pale," alisema. "Ukikiona, ujue nimeamuka muzima. Na weye uanike shati lako upande wako. Kwa hiyo uwe unalifua, mupenzi. Nitaona hata doa."

"Kutoka ng'ambo?"

"Macho ya mwanamke, Ya Ismaël. Usinijaribu," alisema, akimwita "Ya" kama kaka mkubwa.

Ulikuwa mchezo tu, mpaka wanajeshi waliokuwa mjini walipokataza kuvuka. Mitumbwi ilifungwa minyororo. Aliyebaki Kindu akabaki Kindu, na aliyebaki Alunguli akabaki huko. Mto ni mpana. Mtu wa ng'ambo huonekana kama punje ya mchele, huwezi kujua anacheka au analia. Lakini rangi ya manjano ilionekana, na shati jeupe lilionekana pia. Ismaël alikaa karibu na shati lake kila asubuhi akapiga gitaa la waya wa breki, akijua halisikiki. Angefanya nini kingine? Mama yake alimletea muhogo wa kuchemsha palepale, akakaa naye kidogo.

Asubuhi moja bunduki zililia Alunguli. Kesho yake jiwe lilikuwa tupu.

Lilikuwa tupu siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, na mvua zote zile. Ismaël aliendelea kuanika. Shati liliisha kwa kufuliwa mpaka ungeweza kuona mkono nyuma yake. Aliwauliza wanajeshi, wakamfukuza. Alimwomba mvuvi mmoja, na yule mzee akamwonyesha mnyororo wa mtumbwi wake.

Kisha siku moja kikwembe kikarudi. Manjano ileile, juu ya jiwe lilelile. Ismaël alikimbia nyumbani, na mama yake alikuwa ameficha chumvi kidogo kwa siku ya furaha, akapika sombe yenye chumvi, wakala wote wawili huku wakitabasamu kama watoto.

Mto ulipofunguliwa, zaidi ya mwaka tangu bunduki zile, alivuka na mtumbwi wa kwanza. Alipokaribia aliona kikwembe hakiko juu ya jiwe. Kilikuwa kwenye mgongo wa mwanamke aliyeinama anafua, na ndani yake mtoto amelala. Uso wa mwanamke haukuonekana. Mwanamume alikuwa akishuka kilima na ndoo.

"Mama Ange, jua iko kali," yule mwanamume aliita. "Umufunike mutoto."

"Acha kunisumbua, mume wangu. Lete maji." Sauti ilimfikia Ismaël nusunusu, kelele za kufua zikiimeza.

Ismaël alisimama kwenye matope na mguu mmoja bado ndani ya mtumbwi. Mke wa mtu, mbele ya mume wake, humwiti jina. Alifundishwa hivyo tangu utoto, na hakuna aliyemfundisha kitu kingine cha kufanya siku kama hiyo. Akaurudisha mguu wa pili.

"Umesahau kintu?" aliuliza mpiga kasia.

"Ndiyo."

"Twende ukichukue, turudi."

"Apana, kaka. Nipeleke tu."

Mpiga kasia alimtazama, akaugeuza mtumbwi, na njia nzima alipiga kasia polepole kama mtu anayebeba mgonjwa.

Wimbo ulizaliwa wiki ile. Ismaël aliuita "Anika Nione", akashuka nao mto mpaka Kisangani, kisha Kinshasa, na huko ukamtangulia kila alipokwenda. Watu waliucheza kwenye ndoa. Wanawake walifungua vikwembe vya juu wakavipepea. Ulipofika ubeti wa tatu waliimba kwa nguvu kuliko mwenyewe: *Kikwembe changu kinabeba wa mwingine, jiwe limeniambia, jiwe halidanganyi.*

Miaka mingi ilipita. Mama yake alifariki. Aliporudi Kindu mwaka huu kuimba kwenye kiwanja cha mpira, Ismaël alikuwa na mvi kwenye ndevu na miwani ya dhahabu. Asubuhi alipelekwa kwenye radio ya mji. Mtangazaji, dada mchangamfu aitwaye Fifi, alimwekea chai na mto wa kiti.

"Ya Ismaël, watu wote wanauliza. Huyu mwanamke wa wimbo, iko kweli?"

Hakuwahi kumjibu mtu huko Kinshasa. Lakini hapa alisikia harufu ya mto dirishani, akasimulia yote: manjano, ndege wa buluu, jiwe, mtoto mgongoni. Jina tu hakulitaja.

Ng'ambo, Alunguli, mwanamke aitwaye Euphrasie alikuwa akichambua sombe na radio miguuni. Majani yalimwanguka. Alimwita binti yake Ange amtafutie namba ya radio.

"Halo, mama, uko hewani," alisema Fifi.

"Nataka kuongea na papa mwimbaji. Papa, huyo mwanamke uliyemuona njo miye."

Ismaël alivua miwani.

"Tulikuwa tunakimbia vita, njia ya Kailo," alisema Euphrasie. "Uchungu ukanishika palepale kwenye majani. Watu walipita, walikuwa na haki, risasi zilikuwa nyuma. Musichana mumoja alisimama. Alifungua kikwembe chake, akamupokea mutoto wangu nacho, yeye akabaki na sketi ya ndani. Nikamwambia, nitakurudishia namna gani? Akasema, 'Ukirudi Alunguli, ukianike juu ya jiwe kubwa kila asubuhi. Kuna muntu ng'ambo anaangalia. Akivuka kuuliza, umwambie niko Kalima, anifuate.'"

Fifi alizima muziki wa chini uliokuwa ukipigwa.

"Nilianika, papa. Kila asubuhi, mpaka rangi ikafifia. Nilimungojea huyo muntu. Hakuja."

Fifi aliweka wimbo mwingine, akafunga mlango wa studio, akamwachia Ismaël simu.

"Yuko muzima?" aliuliza.

"Iko Kalima. Tunaongea kila sikukuu. Alitafuta njia ya kurudi hapa miaka miwili, njia ilikuwa ya wenye bunduki. Alipofika, majirani wakamwambia umeshuka mto. Aliolewa, papa. Chukua namba."

Kule Kalima, Euphrasie alikuwa ameshamwarifu Safia kwa simu. Simu ilipolia tena, Safia alikuwa anakaanga maandazi mbele ya nyumba. Mume wake, Nestor, alikaa kwenye mkeka. Vumbi la mashimo ya madini lilikuwa limemharibu kifua. Aliona uso wa mke wake ulivyobadilika, akaelewa. Wimbo huo na habari yake vilikuwa vimekaa nyumbani kwao siku nyingi.

"Ongea naye," alisema Nestor. "Mimi nitageuza maandazi." Na kweli alijikokota mpaka kwenye karai.

"Halo," alisema Safia. "Nani huyu, mwenye gitaa la breki?"

Ismaël alicheka. "Safia. Ulijua wimbo ni wako?"

"Siku ya kwanza. Niliacha maandazi yakawa mkaa."

"Juu ya nini hukunipigia?"

"Ningesema nini? Niko muke wa muntu, na weye uko muntu wa Kinshasa. Ila ile beti ya tatu, Ya Ismaël. Watoto wangu wanaiimba. Wananiimbia miye, hawajui. Kila mara ninasikia ninahukumiwa ndani ya nyumba yangu."

"Nilivuka, Safia. Niliona kikwembe. Sikuuliza."

"Ningeuliza miye, kama ni shati lako kwenye mugongo wa mwingine. Lakini weye ulikuwa na adabu kupita."

"Niambie nifanye nini."

"Usiiimbe tena. Ni hicho tu ninaomba."

"Sitaiimba. Leo hii nitaibadilisha."

Alasiri kiwanja kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Ismaël alitoka na shati jeupe la hariri, la kung'aa. Ange alisimama karibu na jukwaa ameinua simu ili Kalima wasikie. Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Akafunga macho akaanza maneno mapya: *Kikwembe chako kilipokea mtoto wa njiani...*

Hakuna aliyeyasikia. Kiwanja kizima kilikuwa kimeshaingia na yale ya zamani, vikwembe vikipepea, vya kila rangi. Aliinua mkono kuwanyamazisha. Walidhani anaomba sauti zaidi, wakampa. Aliacha gitaa. Waliimba bila gitaa, kwa upendo wote, machozi yakiwatoka, na yeye akasimama pale mikono imening'inia, mpaka walipomaliza.

Alipiga simu kabla jasho halijakauka.

"Nilisikia," alisema Safia.

"Nisamehe. Nilijaribu."

"Nilisikia ulinyamaza. Hiyo nayo ni kitu." Nyuma yake Nestor alikohoa. "Wimbo umeisha kuwa wao, Ismaël. Huwezi kuwavua. Baba ya watoto anasema hata shimoni waliuimba, ukawapa nguvu. Basi waache."

"Na sisi?"

"Sisi tumekuwa wazee. Nenda ulale. Kesho kabla ya ndege yako, ufike ufukweni."

Asubuhi ukungu ulikuwa juu ya mto. Ulipoinuka, Ismaël aliliona jiwe, na juu yake kitambaa kilichofifia, manjano ya maji ya mchele, kimeshonwa viraka. Kando yake punje ya mtu. Ni Euphrasie.

Ismaël alivua shati la hariri, akaliloweka mtoni, akalikamua. Akalitandaza kwenye majani, mahali palepale pa zamani, mikono ikielekea Alunguli, akakaa kando yake kifua wazi. Wanawake waliokuja kuchota maji walimzunguka kwa mbali ili wasimwagie tope.

Ng'ambo Euphrasie alitoa simu kwenye kifundo cha nguo yake.

"Ameanika," alisema.

"Liko jeupe?" aliuliza Safia kutoka Kalima.

Euphrasie aliweka kiganja juu ya macho, akatazama mto wote ule.

"Jeupe, dada. Halina doa."