Mita Mbili na Nusu

Kila asubuhi Mama Émérence alianika ndakala juu ya turubai, mbele ya nyumba yake, si mbali na ziwa. Mkono mmoja ulisambaza samaki, wa pili ulifukuza kuku. Alipomaliza aliketi mlangoni na kumuuliza mwanawe mkubwa swali lile lile.

“Télesphore, Basile ametuma habari?”

“Mama, Basile alikufa. Mwaka unaelekea kuisha.”

“Nani alimuona?”

Télesphore mwenyewe hakumwona. Basile, mdogo wake, alikuwa mwalimu Nyunzu. Alifia huko wakati wa mvua. Barabara ilikuwa imekatika, treni haikupita kwa wiki tatu, na maiti haingoji. Walimzika huko huko, bila mama, bila kaka. Mama Émérence alipewa habari kwa simu, naye akakataa kulia. Wazee wa ukoo wao husema kwamba mama hamlilii mtoto ambaye hajamwona amelala. Basi alikaa karibu mwaka mzima na kilio ndani, kama mtu aliyemeza mfupa.

Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia, Claire, mjane wa Basile, alishuka kutoka Nyunzu. Katika mkoba wake alikuwa na flashi ndogo yenye filamu ya mazishi. Mwalimu aliyefundisha na Basile ndiye aliyeipiga kwa simu: mwili ukiwa umelazwa, sanduku, kaburi. Dakika kumi na moja.

“Mama aangalie kwenye simu,” Claire alisema.

“Kwenye simu haoni hata namba,” Télesphore alijibu. “Na ukoo wote unakuja. Tutaonyesha hapa uwanjani, kama sinema.”

Aliazima projekta ndogo ya parokia, pamoja na jenereta. Kisha akamwomba Claire aunganishe mashuka meupe. Claire alishona mashuka sita kwa siku mbili. Kitambaa kikawa na upana wa mita tano na urefu wa karibu mita tatu.

“Shemeji, hii inapita nyumba,” Claire alisema huku akikata uzi kwa meno.

“Iache ipite. Sikubeba sanduku lake. Sikumwaga hata udongo. Watu wasiseme tena kama Basile alikuwa muntu mudogo.”

Claire alikunja ukingo wa kitambaa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, “Na uso? Mule ndani amekonda sana. Mama anajua kama aliugua?”

“Hapana.”

Basile alikuwa ameugua miezi minne. Alikataza mama yake asiambiwe, asije akasafiri na kufia njiani. Télesphore alijua, akatii, akanyamaza.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, walijaribu. Jua lilikuwa limezama, giza lilikuwa linaingia. Kitambaa kilifungwa kati ya miti miwili. Ili picha ienee kote, Télesphore aliirudisha projekta nyuma, na nyuma tena, mpaka kitambaa kikajaa. Picha ilikuwa imepauka kama uji mwepesi. Upepo wa ziwa ulipovuma, kitambaa kilivimba katikati, na uso wa Basile ukavimba nacho.

Walimleta Mama Émérence. Kwa desturi, mama mwenye msiba hukaa chini, mbele ya watu wote. Kwa hiyo walimtandikia mkeka hatua mbili tu kutoka kwenye kitambaa. Aliinua kichwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

“Naona maji,” alisema. “Munanionyesha ziwa?”

Akainuka, akaingia ndani.

Télesphore alibaki amesimama karibu na jenereta. Aibu ilimshika. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, na alikitambua. Ilikuwa nafuu. Mama asipoona uso, hataona jinsi ulivyokonda. Hatauliza.

“Papa Télesphore, wavu huo munaenda kuvulia wapi?”

Aliyesema ni jirani yao, Mama Rosine. Alikuwa ameegemea ua wa matete. Rosine hufanya kazi na watu wa afya. Huzunguka mitaani kuonyesha filamu za kujikinga na kipindupindu, na ameonyesha filamu nje mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

“Hii njo sinema ya Basile,” Télesphore alisema. “Projekta ni mubovu.”

“Projekta ni muzima. Muliyoibebesha ni mengi. Wageni watakaa mpaka wapi?”

“Mpaka kule kwenye ukuta.”

Rosine aliingia uwanjani, akatembea kutoka kwenye kitambaa hadi ukutani kwa hatua ndefu, huku akihesabu.

“Mita kumi na tano. Chukua umbali wa muntu wa mwisho, ugawe kwa sita. Unapata nini?”

“Mbili na nusu.”

“Njo upana wa picha yako. Mita mbili na nusu.”

“Ni nusu ya tuliyoshona.”

“Nusu ya upana, na nusu ya urefu pia. Kwa hiyo ni robo ya kitambaa. Sikia. Ukitia kijiko kimoja cha mawese katika sufuria moja ya majani ya sombe, unayaona. Ukiyagawa katika sufuria ine, nani atajua kama ulitia mawese? Taa ya projekta ni kijiko kimoja. Haiongezeki kwa sababu kitambaa kimeongezeka.”

Claire alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. “Nilimwambia inapita nyumba.”

“Na Mama?” Télesphore aliuliza. “Anapaswa kukaa mbele.”

“Akae mbele, na chini, hakuna anayemukataza. Lakini mbele si kwenye vidole vya picha. Pima upana mara mbili: hatua tano. Karibu kuliko pale, macho yanaona vipande, hayaoni muntu. Na ukingo wa chini wa picha uinue mpaka upite vichwa vya waliokaa kwenye viti, mita moja na robo hivi. Mashuka yanayobaki, shoneni nyuma ya kitambaa kidogo, mwanga usipenye. Mukaze pembe zote ine na pande zote, upepo usicheze nacho. Musianze mpaka giza liingie kabisa.”

Télesphore aliangalia kitambaa chake kikubwa. “Watu watasema tumemufanyia kidogo.”

“Papa,” Rosine alisema, “unataka Mama aone mutoto wake, au unataka watu waone kitambaa?”

Télesphore alienda kuleta mkasi.

Siku ya matanga watu walijaa mpaka ukutani. Mchana walikula, wazee wakazungumza, sala ikasomwa. Giza lilipokamilika, taa za nyumba zilizimwa. Kitambaa kilikuwa kidogo, kimekazwa kama ngozi ya ngoma. Mama Émérence aliketi kwenye mkeka wake, hatua tano kutoka hapo, na hakuna aliyewekwa mbele yake.

Dakika ya nne, uso wa Basile ulitokea. Macho yalikuwa yamefumbwa. Pamba ya puani ilionekana, na kovu dogo juu ya jicho.

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, mjomba wao Christophe alisema, “Njo yeye.” Kisha akavua kofia.

Mama Émérence hakugeuka.

“Amekonda,” alisema.

“Ndiyo, Mama,” Télesphore alijibu.

“Muntu hakondi vile kwa siku mbili.”

Jenereta tu ilinguruma nyuma ya nyumba. Télesphore alichuchumaa kando ya mkeka.

“Aliugua miezi ine. Alikataza tukuambie. Nilijua, nikanyamaza.”

Mama alimwangalia, kisha akarudisha macho kwenye picha. Alifuata sanduku lilipoteremshwa. Alifuata udongo, sepetu kwa sepetu. Msalaba ulipochomekwa, aliinua mkono.

“Simamisha pale.”

Claire aliisimamisha picha. Mama Émérence aliweka viganja vyote viwili chini, akaanza kulia. Alimlilia Basile kwa jina lake, na jina la baba yake, na jina la babu yake, kama mama anavyopaswa. Wanawake walisogea kutoka pande zote, wakaitikia.

Télesphore aliketi kwenye mkeka kando yake. Mama hakumfukuza. Hakumpa mkono pia.